Wikendi mjini: achana na kitambaa cha meza, uliza chakula kimetoka motoni saa ngapi

Kazi yangu ni usalama wa chakula, yani siku za kazi nashinda kwenye majiko ya watu na kipimajoto mkononi, nakichomeka kwenye nyama, kwenye wali, nafungua mafriji ya watu nasoma namba, na kila Ijumaa ikikaribia meseji zinaanza, naenda mji fulani wikendi hii niambie nile nini nisije nikaumwa tumbo. Wengi wanategemea ntawaambia kaeni mbali na chakula cha mtaani, kuleni hotelini kwenye viyoyozi. Siwaambii hivyo, na leo nataka nieleze sababu kwa kirefu.

Wikendi ni siku mbili tu. Ukila kitu kibaya Ijumaa usiku basi mji mzima utausikilizia kupitia dirisha la chumba, na nauli ndo imeshaenda. Kwaio mi naona kujua kula ni sehemu ya kujua kutembea, kama vile kujua njia.

Watu wakifika sehemu ya kula wanaangalia macho yanachokiona, sakafu imepigwa deki, vitambaa vyeupe, wahudumu wamevaa sare. Sio vibaya, ila bakteria hajali hivyo vitu, bakteria anajali vitu viwili, joto na muda. Kati ya nyuzi joto 5 na 60 ndo anastarehe, chini ya hapo analala, juu ya hapo anaanza kufa, na chakula kikifika 70 mpaka katikati wengi wa hatari wanakuwa wamekufa. Akipata mazingira mazuri anaweza kujigawa mara mbili kila dakika 20 hivi. Piga hesabu mwenyewe, bakteria mmoja kwa mwendo huo baada ya saa 7 ni zaidi ya milioni 2. Ndo maana kanuni tunayofundisha kila jiko ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 kwa mwaka wanaumwa kwa sababu ya chakula kisicho salama na 420,000 wanakufa, na sehemu kubwa ya hayo inaanzia kwenye hii habari ya joto na muda, na mikono.

Sasa chukua muuza chakula wa pembeni ya barabara ambaye ana kikaango kimoja na foleni ya watu kumi. Mafuta ya kukaangia yanakuwa kwenye nyuzi 170 au 180, kitu kinaingia kibichi kinatoka kinatiririka mvuke na unakila umesimama, ulimi unaungua kidogo. Muda kati ya moto na mdomo ni dakika 2. Alafu chukua bafe ya hoteli nzuri tu, imefunguliwa saa sita mchana, wewe unaingia saa tisa kasorobo, vyombo vinang'aa, chini kuna kamshumaa kanajitahidi, ukichota katikati ya mchuzi ni uvuguvugu. Uvuguvugu ndo neno la kuogopa. Mimi kipimajoto changu kimeshaniaibishia wapishi wazuri sana, watu wanaojua kazi, kwasababu tu chombo cha bafe hakipashi chakula, kazi yake ni kutunza moto ambao chakula kilikuja nao, kama kilikuja na nyuzi 50 kitabaki huko huko au kitashuka.

Yaliwahi kunikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa safarini, nimefika usiku nimechoka, nikala wali kwenye bafe ya hoteli fulani, wali wa baridi kabisa na nikaujua kabisa ni wa mchana, nikajipa moyo kwamba njaa ni njaa. Saa 3 baadae nilikuwa natapika, na Jumamosi yote nililala kitandani kwenye mji niliokuwa nausubiri miezi. Wali watu wanaudharau, wanaona hatari ipo kwenye nyama, lakini ndani ya mchele kuna bakteria anaitwa basilasi siriasi ambaye anajifungia kwenye kitu kama ganda gumu na kule kuchemka kwa kawaida hakumuui. Wali ukiiva ukaachwa kwenye sufuria unapoa taratibu, anatoka kwenye ganda, anazaana, na anatengeneza sumu ya kutapisha. Na hapa ndo nataka usome mara mbili: sumu hiyo ikishatengenezwa haiondoki kwa kupasha. Utapasha mpaka utoke moshi, bakteria watakufa, sumu ipo. Kuna mwingine wa tabia hiyo hiyo anaishi kwenye pua na vidole vya watu, stafilokokasi, anapenda vyakula vilivyoshikwa sana na mikono vikaachwa, mikate ya kujazwa, keki za krimu, nyama iliyochambuliwa. Na yeye sumu yake inavumilia kuchemshwa. Kwaio ile kauli ya "kipashe tu vizuri" inasaidia kwa baadhi ya vitu, sio vyote.

Kwahiyo nikifika mji nisioujua nafanya hivi. Natafuta foleni, na foleni ya wenyeji sio ya wageni watupu, kwasababu foleni maana yake chungu kinaisha na kinapikwa kingine, chakula hakipati muda wa kukaa. Nasimama pembeni dakika 5 naangalia. Anayeshika pesa ndo huyo huyo anayeshika chakula? Nyama mbichi na iliyoiva zinawekwa sahani moja? Koleo la kugeuzia nyama mbichi ndo linakupakulia? Hilo la koleo watu hawaligundui kabisa, nyama imeiva vizuri alafu inapakwa maji ya nyama mbichi sekunde ya mwisho. Nikiridhika naomba cha kutoka motoni sasa hivi, sio kile kilichopangwa kwenye kioo, na nasema kwa adabu tu, naweza kusubiri. Hajawahi kukasirika mtu.

Kwenye nyama za kuchoma kuna tofauti moja ya kujua. Kipande kizima cha nyama ya ng'ombe uchafu unakuwa nje, moto ukipiga nje vizuri ndani kikiwa chekundu kidogo sio balaa kwa mtu mzima mwenye afya. Nyama ya kusaga ni habari nyingine kabisa, kile kilichokuwa nje sasa kimechanganywa mpaka katikati, kwaio baga au soseji yenye wekundu katikati mi nairudisha. Kuku ndo hamna mjadala, aive mpaka kwenye mfupa.

Ratiba yangu ya Jumamosi inaanza sokoni na mapema, jua likiwa bado dogo. Soko asubuhi lina raha yake, vitu vimetoka kushushwa, wauzaji wana muda wa kuongea, na kwa upande wa kazi yangu ni saa ambayo nyama na samaki hawajaanza kupigwa na joto. Matunda nanunua mazima na naosha na kumenya mwenyewe, ganda la tunda ni kifungashio kizuri kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu. Tunda lililokatwa tayari likakaa kwenye trei, hasa tikiti ambalo halina uchachu wa kumzuia bakteria, kisu kimeshapitisha uchafu wa ganda hadi ndani na maji ya kulinyunyizia ling'ae huyajui yametoka wapi.

Mchana wa saa sita hadi saa nane ndo nakula mlo mkubwa, majiko mengi yanakuwa yamechangamka na vyungu vinazunguka haraka. Alafu natembea, hata dakika 15, kutembea baada ya kula kunasaidia sukari isipande sana kwenye damu na miguu ndo njia bora ya kuona mji. Saa za jua kali naingia makumbusho au kwenye jengo lolote la zamani lenye kivuli, jioni narudi nje.

Kama mnaenda kushinda ufukweni au bustanini na mmefungasha chakula, kumbuka begi lililoachwa juani linaweza kupita joto la hewa kwa mbali. Beba vitu vikavu, au vya chumvi, au vya uchachu, mkate, karanga, jibini ngumu, matunda mazima, mboga za siki, bakteria anahitaji unyevu na hapendi chumvi wala siki. Saladi yenye mayai na kuku iliyofungwa saa mbili asubuhi ikaliwa saa nane mchana, mi siigusi hata nikibembelezwa.

Tuje kwenye vinywaji. Watu wana imani kubwa sana na barafu, kwamba baridi inaua. Baridi haiui, inalaza tu, vimelea wengi wanakaa kwenye barafu wakisubiri iyeyuke. Na pombe kwenye glasi haisafishi barafu pia, kitakasa mikono kinatakiwa kiwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi, pombe kali nyingi ni kama 40 na umeshaichanganya na soda na barafu, imebaki ngapi hapo. Kama maji ya mji sio ya kunywa bombani, basi na barafu yake sio ya kunywa, na juisi iliyoongezwa maji hivyo hivyo, omba iliyokamuliwa mbele yako bila maji bila barafu. Chupa nazipenda za gesi, kwasababu ule mlio wa kufunguka unakwambia haijawahi kujazwa upya na mtu.

Kuna stori ya kweli naipenda sana kuhusu hili. Mwaka 1854 kipindupindu kilipiga mtaa wa Soho, London, wakafa watu zaidi ya 600, na daktari John Snow akafuatilia nyumba kwa nyumba mpaka akaonyesha kwamba tatizo ni pampu ya maji ya Broad Street. Sasa mtaa ule ule kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70 na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kipindupindu. Walikuwa wanapewa bia kazini, ambayo maji yake yanachemshwa wakati wa kuitengeneza, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Pampu hawakuigusa. Ndo maana hata leo kinywaji cha moto, chai au kahawa iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemka kweli, ni kati ya vitu salama zaidi unavyoweza kunywa kwenye mji wowote.

Sema kahawa nayo ina saa yake, kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, ya saa kumi na moja jioni, ikifika saa nne usiku nusu yake bado ipo macho na wewe. Na kama mtatoka kunywa Jumamosi usiku, kula kabla, chakula kinachelewesha pombe kupita kwenda kwenye damu, na weka maji kati ya glasi na glasi kwasababu pombe inazuia homoni inayoutunzia mwili maji. Mabaki ya mlo wa usiku usiyabebe kwenda chumba kisicho na friji ukategemea ndo kifungua kinywa. Inauma kuacha chakula kizuri, najua, mi mwenyewe inaniuma.

Mikono nanawa kwa sabuni. Kile kichupa cha jeli ya kutakasa mikono ni msaada ukikosa maji, lakini norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha ambaye ndo anasumbua sana kwenye meli na mahoteli, jeli haimuwezi vizuri, na huyu chembe chache sana zinatosha kukulaza.

Ukiumwa pamoja na yote, usikimbilie kulaumu mlo wa mwisho. Hili ndo kosa nalikuta kila nikihoji wagonjwa, wanaapa ni kile cha jana usiku. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6, hapo sawa, fikiria zile sumu, wali na vitu vya krimu. Norovirusi anachukua saa 12 hadi 48. Salmonela inaweza kuwa saa 6 na inaweza kuwa siku 6. Kampilobakta, bakteria wa kwenye kuku ambaye hakuiva, mara nyingi ni siku 2 hadi 5, yani umeshafika nyumbani, umeshaenda kazini, Jumatano unalaumu chakula cha kantini wakati kosa ni la Jumamosi. Kwaio rudisha kumbukumbu siku kadhaa nyuma na mwambie daktari yote.

Kinachoua kwenye kuharisha mara nyingi ni kukauka maji. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh upande wa India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akaanza kuwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na sukari, vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Sukari ndo inafungua mlango kwenye utumbo ili chumvi iingie na maji yafuate, ndo maana maji matupu hayatoshi. Pakiti za kuchanganya zinauzwa famasi na mi sisafiri bila mbili kwenye begi. Ukikosa, lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe chumvi, kunywa kidogo kidogo hata kama unatapika. Ukiona damu, homa kali, mkojo umekata au huwezi kubakisha maji tumboni kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto mdogo, mjamzito au mzee apelekwe mapema zaidi, asisubirishwe mpaka safari iishe.