Zebaki Si Sumaku, Jamani

Wiki iliyopita nilikuwa mwaloni, yaani pale wachimbaji wanaposafishia dhahabu kwa zebaki, pembezoni mwa Geita. Mzee mmoja mwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, akaniambia, kwa sauti ya kumfundisha mtoto: "Injinia, zebaki inavuta dhahabu yote. Ni kama sumaku." Kauli hiyo nimeisikia mpaka masikio yameota sugu. Pale sikujibu. Najibu hapa.

Sumaku huvuta chuma kwa mbali. Zebaki haivuti chochote. Inashika dhahabu iliyoigusa, basi, na iwe safi usoni. Mbale nzuri, yaani mawe yenye dhahabu, ya gramu 5 kwa tani maana yake gramu 5 ndani ya gramu milioni moja za mawe, na hizo gramu 5 hazijakaa pembeni zikikusubiri. Karasha ikisaga kwa pupa, punje nyingi hubaki zimefungwa ndani ya chenga, na zebaki inapita nje kama mgeni aliyefika nyumba isiyo na mlango. Zilizo laini kama vumbi huondoka na maji. Zilizopakwa kutu au grisi ya mashine, zebaki inateleza juu yake. Halafu duara, yaani shimo la kuchimbia, likienda chini, mwamba ukianza kuwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa, kuna dhahabu imo ndani ya pairaiti yenyewe. Hiyo hata umwage zebaki ndoo nzima, hamtaonana.

Kwa hiyo mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu hubaki kwenye marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kusafisha. Na marudio huachiwa nani? Mwenye karasha, kama malipo ya kusaga. Yeye anayauza kwa wenye mitambo ya sianidi, kemikali yenye sumu inayotoa dhahabu, anakula mara ya pili. Sasa jiulize kwa nini anayekwambia zebaki inachukua yote ndiye huyohuyo anayelinda marudio usiku kucha.

Habari ya kuchoma lile donge la zebaki na dhahabu: zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu huyeyuka kwenye 1,064, kwa hiyo zebaki hutangulia kuondoka, ikiwa mvuke, kwenda mapafuni mwako na mwa mwanao. Acheni kuchomea jikoni. Nimeshasema.

Sianidi inafanya kazi nyingine kabisa: inayeyusha dhahabu kwa msaada wa oksijeni, kisha tunainasa kwa kaboni, makaa maalumu, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Chokaa iwepo ya kutosha, pH, kipimo cha uchachu, ipande juu ya 10, la sivyo inatoka gesi inayoua. Nayo si mganga. Isipofikia punje, haiyeyushi kitu. Na ukiimwaga kwenye marudio ambayo bado yana zebaki, inayeyusha na zebaki pia, na hiyo ikishaingia majini hairudi.

Ninachokiona aibu kukisema ni sampuli. Nimewahi kuchota mara mbili kwenye lundo lilelile: ya kwanza ikasoma gramu 3 kwa tani, ya pili gramu 11. Punje moja nene ikiingia kijikoni inavuruga hesabu yote. Nikampa mteja wastani, nikapiga muhuri, na usiku sikulala vizuri. Mpaka leo sijui ipi ilikuwa kweli.

Yule mzee, kabla sijaondoka, nilimwomba aniuzie viroba kumi vya marudio yake, kwa kuwa hayana kitu. Alikataa.