Kitambi kinavyochangia usugu wa insulini
Huku Mtwara, mtu akiambiwa na daktari kwamba mwili wake haupokei insulini, homoni inayosaidia seli kuchukua sukari kutoka kwenye damu, mara nyingi hudhani insulini imemwishia. Sivyo. Katika usugu wa insulini kongosho bado linaitoa, tena mara nyingi kwa wingi, ila misuli, ini na mafuta haviitikii ipasavyo. Kongosho likishindwa kufidia pengo hilo, sukari hupanda na kisukari cha aina ya pili huingia.

Seli za mafuta hazikai bure, hutoa homoni. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake, huujulisha ubongo akiba iliyopo. Kwa mtu mnene huwa nyingi, lakini ubongo hauitikii tena. Mimi adiponektini ndiyo hunishangaza: husaidia misuli na ini kuitikia insulini, na inatoka kwenye mafuta, lakini mafuta yakizidi, adiponektini hupungua! Wakati huohuo tishu iliyofura huvuta chembe za kinga, na kemikali zake, TNF-alfa ikiwemo, huvuruga ujumbe wa insulini.

Kisha kuna asidi za mafuta, yaani vipande vinavyotokea mafuta yakivunjwa. Kwa kawaida insulini huzuia akiba isiyeyushwe ovyo. Ila ghala la chama cha msingi likifurika msimu wa korosho, magunia huishia barazani. Vivyo hivyo, seli zilizojaa huachia asidi za mafuta kwenye damu, nazo hujilimbikiza ndani ya ini na misuli, pasipo mahali pake. Humo kemikali zinazotokana nazo hukatiza ujumbe wa insulini, na misuli hupokea sukari kidogo. Mafuta yanayozunguka utumbo yana hatari kuliko ya mapajani. Damu yake huenda moja kwa moja kwenye ini.

Kwa hiyo mwembamba naye hayuko salama moja kwa moja. Watu wachache wanaozaliwa karibu bila tishu ya mafuta hupata usugu mkali, kwa kuwa mafuta hayana pa kukaa. Wakipewa leptini, wengi hupata nafuu.

Na korosho je, kwa kuwa zina mafuta? Msizisingizie. Asidi hizi nyingi hutoka kwenye akiba ya mwili wenyewe, na akiba hujazwa na chochote kinachozidi mahitaji, hata ugali wa muhogo na soda. Anayepalilia mikorosho ana nafuu moja: msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata pale insulini inapopuuzwa.