Je, wajua? "Juggler" wa kwanza hakurusha mpira

Kwa miaka mingi niliamini kwamba neno la Kiingereza "juggler" lilianzia kwa yule mtu anayerusha mipira mitatu minne hewani bila kuidondosha. Niliposikia mhasibu kashtakiwa kwa "ku-juggle" hesabu, nikadhani ni tamathali: tarakimu zimerushwa juu kama mipira, zikashuka zimebadilishana nafasi. Kumbe nilianzia mwisho. Kwa Waingereza ulaghai ndio uliotangulia. Mipira ya kurushwa ililishika neno hilo karne ya 19 tu.

Tazama kitabu alichochapisha Reginald Scot wa Kent mwaka 1584 kupinga imani za uchawi. Anafichua mbinu za "juggler" moja baada ya nyingine: sarafu zinazotoweka, karata, kichwa kinachoonekana kimekatwa. Mipira imo, tena mingi, ila kazi yake ni kufichwa. Ule mdogo unabanwa kwa gumba kati ya kidole cha kati na cha pete, huku mtazamaji akiapa kwamba umehamia mkono wa pili.

Asili yenyewe ni Kilatini: "iocus" ni mzaha, na "ioculator" ni mchekeshaji. Neno likapitia Ufaransa hadi Uingereza.

Sasa mzaha uligeukaje mipira? Fikiria kibanda cha mama anayeuza chai, maandazi na wali, na watu husema tu "twende kwa Mama". Binti akihamisha maandazi, na jirani akichukua wali, jina halihami. Linabaki juu ya chai. Mtoto atakayezaliwa baadaye atajua "kwa Mama" ni chai tangu mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa kwa msanii wa sokoni aliyechekesha, kuimba, kufanya mazingaombwe na kurusha vitu. Kila fani ilipopata jina lake, lile la zamani likabaki kwa mrushaji.

Warumi hawakuchanganya. Mrusha mipira walimwita "pilarius", kutokana na "pila", mpira. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Kirumi, alistaajabu jinsi vitu vilivyorushwa vilivyoonekana kurudi mikononi vyenyewe. Yule wa kuficha kokoto chini ya vikombe alikuwa "praestigiator". Mwanafalsafa Seneca aliandika kwamba utamu wa mchezo huo ni kule kudanganywa. Ukionyeshwa unavyofanyika, hamu inakwisha.

Na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Wataalamu wengi hulitoa "praestigiae", yaani mazingaombwe, katika "praestringere", kufunga kwa kukaza. Na ukiyafanyia hivyo macho, unayatia kiwi. Humo ndimo lilimotoka "prestige", ambalo leo ni hadhi, lakini katika Kiingereza cha karne ya 17 lilikuwa hila ya kupumbaza watazamaji. Kiswahili nacho, bila kuazima chochote Roma, kimeuweka mchezo huohuo jichoni: kiinimacho.