"Nasikia, ila sielewi": kelele za mashine zinakula nini sikioni

Watu wengi tunaowapima masikio huku Kigoma hawaji wakisema hawasikii, wanasema nasikia vizuri tu ila watu siku hizi wanamung'unya maneno. Ukimuuliza kazi yake unakuta ni mtu wa boti, anakaa nyuma kabisa na injini, au anasaga mahindi mashineni Ujiji toka ujana. Nyumbani wameshamwita mjeuri, anasikia anachotaka. Inaniuma sana hiyo, maana mzee wa watu anasema ukweli mtupu.

Iko hivi. Kitu kikitetemeka kinasukuma hewa, hewa nayo inasukumana mpaka ikufikie, spidi yake kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Mitetemo mingi kwa sekunde ni sauti nyembamba, michache ni nzito, na sikio la kijana linashika kuanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, mpaka kama 20,000.

Hewa inatikisa ngoma ya sikio, ngoma inatikisa vifupa vitatu, vinapeleka kwenye koklea, kimrija kilichojikunja kama konokono, ndani kimejaa majimaji na kuna seli zenye vinyweleo kama 15,000 kila sikio. Hizo ndo zinaambia ubongo. Sasa hazijapangwa ovyo: za sauti nyembamba ziko upande wa mlangoni, za nzito ziko mwisho ndani kule. Kelele za miaka zinaanza kuua upande wa mlangoni, hasa zile za kwenye hezi 4,000 hivi, na kwa binadamu zikifa ndo basi, hazioti tena.

Irudishe kwenye maongezi sasa. A, e, i, o, u zina nguvu na ziko upande wa sauti nzito, anazipata. S, f, sh, t ni pumzi tu, hafifu na ziko upande wa sauti nyembamba, ndo zinapotea. Mke anamwambia "shika", yeye anapata "-ika", anabaki kubahatisha ni fika, pika au shika. Ukimpigia kelele unaongeza ile "-ika" tu, haimsaidii. Kaa mbele yake akuone mdomo, ongea taratibu, zima redio.

Kikomo cha kelele tunachotumia ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, ikifika 100 una dakika 15 tu. Huna mita ya kupima kelele? Kama lazima upaze sauti kuongea na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, ushafika huko kwenye 85 au umepita. Na ukitoka kazini masikio yanalia ngiii, yameshaumia.

Pamba haizuii kitu cha maana, tafuta viziba masikio vya sponji. Kivingirishe kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa nyuma kwa mkono mwingine, kiingize karibu chote halafu kishikilie na kidole mpaka kivimbe, ukikiachia mapema kinarudi nje.