Diski, jamani, diski!

"Fundi, nitafutie Mac, Windows inaganda." Hapa Mwanjelwa, Mbeya, nimeijibu sentensi hii hadi koo limekauka. Leo naijibu kwa maandishi.

Nikiletewa hiyo mashine "ya Windows", kabla ya ubishi wowote nabonyeza Ctrl+Shift+Esc. Task Manager, dirisha linaloonyesha nini kinaila mashine, inajivuta mpaka inafunguka. Prosesa asilimia 8. RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, nafasi ipo. Diski asilimia 100, na haishuki hata mwenye mashine akiacha kugusa kitu. Tega sikio karibu na kibodi utaisikia HDD (diski ya zamani ya sahani) inavyokwaruza: sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika, kichwa kinakimbizana na vipande vya faili, huku antivirusi inakagua na sasisho linashuka, vyote kwa wakati mmoja. Hapo Windows ina kosa gani zaidi ya kupanga foleni?

Sasa angalia hiyo MacBook Air (laptop ya Apple) ya rafiki yako inayokutoa udenda. Tangu mwisho wa 2010 Air zote zinatoka kiwandani na SSD, diski ya chipu isiyo na sahani ya kuzunguka. Kwa hiyo umelinganisha HDD na SSD, halafu sifa zote umempa Apple. Ukitaka ushahidi, tafuta iMac ya inchi 21.5 ya bei ya chini ya mwaka 2017, au hata ya 2019. Apple huyo huyo aliiweka HDD ya 5,400, na inaburuza kweli kweli, tena macOS (mfumo wa Mac) mpya kwenye HDD wakati mwingine naiona mbaya kuliko Windows. Kinyume chake, chukua laptop ya ThinkPad ya mtumba yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, itoe HDD, weka SSD, piga Windows upya. Mwenyewe anakuja kuichukua anauliza kama nimembadilishia mashine.

Kuhusu Mac kutopata virusi: mwaka 2012 programu hasidi iitwayo Flashback iliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000. Tuendelee.

Wanachuo wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), hasa mnaosoma ujenzi na usanifu, ulizeni programu kwanza, mashine baadaye. Revit, programu ya kuchora majengo, haina toleo la Mac. Kwenye Mac za Intel nilikuwa nakupigia Windows pembeni kwa Boot Camp, maisha yanaendelea; za M1 (chipu ya Apple yenyewe) kuja juu, Boot Camp haipo. Mdogo wangu, usiuze shamba la viazi la baba ununue kitu kisichofungua kazi yako ya darasani.

Na wanaonicheka kwamba Windows 10 imekufa: kweli, Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane. Lakini Air ya 2017, ambayo ndiyo mnaniletea zaidi, nayo Apple aliishia kuipa macOS Monterey ya 2021. Zote mbili, hiyo Air na mashine ya zamani ya Windows 10, mimi nazipigia Linux Mint, mfumo wa bure, kama mwenyewe kazi yake ni kuandika na kuperuzi.

Kuna Mac moja ambayo sibishani nayo: Air ya M1, ya mwishoni mwa 2020. Haina feni, haipati moto, na umeme ukikatika asubuhi betri inakufikisha jioni ukiwa bado unaandika. Kinachonisumbua ni ile ya RAM GB 8. RAM ikijaa inaazima nafasi kwenye SSD, na SSD yenyewe imelehemiwa kwenye bodi. Ikichoka, siwezi kuichomoa kama ya ThinkPad. Je, itachoka kabla mwenyewe hajaichoka? Nabadilisha jibu kila mwaka. Mwenye hela namwambia achukue ya 16, asiye nayo namfungashia ya 8 na kumsisitiza awe na nakala ya kazi zake kwenye diski ya nje.