Kipanya aliyejeruhiwa hahitaji maziwa

Paka akimwangusha sakafuni kipanya ambaye bado anapumua, wengi wetu hukimbilia kijiko cha maziwa. Nia ni njema kabisa, lakini maziwa hayo yanaweza kummaliza. Kipanya mzima ana uzito wa gramu 20 hivi: tone moja likikosea njia linaishia mapafuni, na maziwa ya ng'ombe humharisha hadi akaishiwa maji mwilini.

Kinachomuua upesi ni baridi na hofu. Vaa glavu kwanza, maana mkojo wa panya huweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda (leptospirosis), ugonjwa unaoambukiza watu. Mguse masikio, ukiyakuta ya baridi, hana muda. Mweke kwenye boksi lenye matundu, na pembeni yake chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kwenye kanga kuukuu. Giza, kimya, watoto wasichungulie. Akichangamka ndipo umpe kipande cha tango.

Wala usitulie kwa sababu huoni damu. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Kitundu chake hufichwa na manyoya huku bakteria wakienea ndani. Kipanya huyo anahitaji antibayotiki za daktari wa mifugo, siku hiyohiyo.