Biashara huria haikuua utumwa

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti Uingereza ilipokumbatia biashara huria, yaani biashara ya nje isiyobanwa na ushuru, utumwa ulikufa wenyewe, kwa kuwa watetezi wa biashara huria na wapinga utumwa walikuwa kitu kimoja. Si kweli.

Tazama miaka. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza ikapita 1833. Mvutano mkubwa ulikuja baadaye, 1846, na chanzo chake kilikuwa sukari. Sukari ya Brazil na Cuba, iliyolimwa na watumwa, ilikuwa ikitozwa ushuru mkubwa mno kuliko ile ya makoloni. Watetezi wa biashara huria wakataka ushuru uwe sawa, ili mfanyakazi wa kawaida apate sukari ya bei nafuu. Wapinga utumwa wengi wakakataa katakata, maana kila ratili ingemnufaisha mwenye watumwa. Walishindwa, ushuru ukasawazishwa hatua kwa hatua. Utumwa Cuba ukadumu hadi 1886, Brazil hadi 1888. Na pamba ya watumwa wa Marekani? Iliendelea kulisha viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza.

Kuchanganya mambo haya ni rahisi, kwani wapo watu waliokuwa katika harakati zote mbili, na zote zilizungumzia uhuru.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Uingereza ya 1846 zinasomeka bure mtandaoni. Humo utawakuta watetezi wa biashara huria na wapinga utumwa wakibishana wao kwa wao.